Skonzi ya Kuku ya Wiki ya Idi

Nasuru alikuwa mtu wa baiskeli. Kila siku alibeba watu na mizigo mpakani, kutoka kizuizi cha Uganda hadi kizuizi cha Kenya. Jioni alirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi, na habari zote za mji wa Busia.

"Mastula," alimwambia mkewe, "umesikia chakula cha Zubaida?"

"Nani hajasikia? Watoto wanakiimba njiani!"

Zubaida alikuwa jirani yao, mwenye hoteli ndogo karibu na kizuizi. Wiki ile ya Idi aliuza kitu kipya. Alichukua paja la kuku, akalitoa mfupa, akalipaka unga na pilipili, akalikaanga, kisha akalitia ndani ya skonzi pamoja na kachumbari. Lakini ilikuwa wiki moja tu. Miaka ile ya utawala wa jeshi Uganda, mafuta ya kupikia yalikuwa adimu kama wali wa daku. Zubaida alipata debe moja kutoka ng'ambo. Debe likiisha, na chakula kimekwisha.

Bibi Hajarah, mama yake Nasuru, aliketi mkekani akisikiliza. Alikuwa na miaka sabini na meno sita.

"Nipelekeni," alisema. "Mtama nimekula, mihogo nimekula. Kuku ndani ya mkate sijala."

Alhamisi wakaenda wote watatu. Skonzi zikaja za moto, mafuta yanachuruzika hadi kiwikoni. Ngozi ya kuku ilivunjika chini ya jino. Lo! Nasuru alifumba macho kwa utamu. Lakini Mastula alipofika katikati, aliona nyama ina wekundu, na damu kidogo. Akamtazama mumewe.

"Wazungu ndivyo wanavyokula," Nasuru alinong'ona. "Kula, usituaibishe."

Mastula akanyamaza. Kwao, mgeni hasemi vibaya chakula cha mwenyeji. Akameza.

Ijumaa asubuhi, nyumba ile ilijua njia moja tu, ya chooni. Nasuru hakuweza kupanda baiskeli. Bibi Hajarah alilala kimya, naye si mtu wa kukaa kimya. Mastula, aliyeumwa kidogo kuliko wao, aliogopa sana.

Nanjala akapita. Mama huyu wa upande wa Kenya alivuka kila siku na kikapu, akimletea Zubaida skonzi za kuuzia. Zamani alipika miaka kumi na miwili katika jiko la hospitali.

"Wape maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, kila mara," alisema. "Na uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Bibi akizidi kulegea, au mkiona damu chooni, mpelekeni hospitali. Msingoje. Haya, mlikula nini?"

Mastula akaeleza. Aliposikia habari ya wekundu, Nanjala alijishika kichwa.

"Na ukanyamaza?"

"Dada, ningesemaje? Ni chakula cha jirani."

"Kuku mbichi ana vijidudu. Huvioni kwa macho. Moto ndio unaviua, na lazima ufike ndani kabisa. Hata hao wazungu hawali kuku mwenye damu! Halafu kesho sajini wa kizuizi ameagiza skonzi kumi, za askari wake. Wakishikwa na tumbo, watasemaje?"

Mastula alilijua jibu. Watasema Zubaida amewatilia sumu. Na siku zile, mtu akichukuliwa kwa neno kama hilo, watu wake walimngoja mpaka wakachoka.

Akajifunga leso, wakaenda pamoja. Zubaida alikuwa jikoni akikata nyanya.

"Zubaida dada yangu, nisamehe," Mastula alisema. "Kuku wako ni mtamu. Lakini ndani hakuiva. Nyumba nzima tunaumwa."

Zubaida alikasirika. "Mbona wengine wamekula, hawakusema?"

"Hata mimi sikusema. Ndiyo maana nimekuja."

Zubaida akaketi. Hasira ikamtoka, hofu ikamwingia.

"Ni haya mafuta," alisema polepole. "Kuku akikaa sana, anayanywa. Kwa hiyo akibadilika rangi tu, namtoa. Nilitaka debe linifikishe Jumapili."

"Basi dawa yako ni rahisi," Nanjala alisema. "Mchemshe kwanza, na chumvi na tangawizi, mpaka aive. Kata kipande kinene katikati. Nyama iwe nyeupe, maji yake yasiwe na damu. Hapo umpake unga, umkaange kidogo apate rangi na joto. Maji hayamalizi mafuta yako."

Kisha akakitazama kisu. "Na hiki? Umekatia kuku mbichi, sasa unakatia nyanya? Wee! Kisu cha kuku mbichi kikae kando, na ubao wake kando. Na mikono uioshe."

"Sabuni nitaitoa wapi? Nayo imepotea, imefuata sukari."

"Jivu unalo tele. Sugua vizuri kwa jivu, suuza kwa maji safi."

Jumamosi sajini alikuja na watu wake. Zubaida alikuwa amekata vipande vyote na kuvitazama, kimoja kimoja. Mastula alisimama mlangoni mwa jiko, mikono ina jivu. Sajini akauma. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Wewe mama!" aliita. Mwiko ulimponyoka Zubaida. "Hii kuku, nani alifundisha wewe?"

"Jirani zangu, afande."

"Iko mzuri sana! Leta ingine."

Zubaida alimshika Mastula mkono, akaubana kwa nguvu, jivu na yote. Askari wale walipita tena Jumapili, wazima, wakimsalimu.

Na debe lilimfikisha Jumapili kweli. Siku hiyo Bibi Hajarah alikuwa ameketi, anagombana na kila mtu. Zubaida mwenyewe alimletea skonzi ya mwisho. Bibi akaifunua, akapasua nyama kwa vidole, akaiinua kwenye mwanga.

"Nyeupe," alisema. Akala yote kwa meno yake sita.

"Mastula."

"Naam, mama."

"Siku nyingine ukiona damu kwenye chakula changu, sema. Usiogope kuniaibisha. Nimeshaaibika chooni."

Wote wakacheka mpaka machozi. Bibi akanyoosha sahani.

"Haya, nyingine."

"Mafuta yamekwisha, Bibi," Zubaida alisema. "Mpaka Idi ijayo."

Bibi Hajarah alilamba vidole, kimoja baada ya kingine.

"Basi kufa kwangu kutangoja."