Harjit Alinipita na Daftari Langu

Niliisikia kabla sijaiona...

Vruuuum... pa! pa! Vruuuum!

Cortina GT ya Harjit. Mngenifunika blanketi tatu, bado ningeijua injini ile. Nilikuwa nimesimama kona ya mtaa wetu wa Section 58, Nakuru, saa moja asubuhi, Jumapili ya mashindano ya magari, mwaka wa 1970. Helmeti mkononi, viatu vimeng'aa.

Ikatokea, nyeupe pe! Nikanyoosha mkono.

Haikusimama!

Wenzangu, ilinipita kama jiwe la maili. Harjit alikaza macho mbele. Na kwenye kiti changu, kiti changu mimi Masinde, alikaa Gopal, karani wa gereji ya kina Harjit. Amelikumbatia daftari langu jeusi, lililokaa garini siku zote.

Daftari langu!

Nyuma yangu, uani kwetu, Mama alikuwa anaanika nguo.

"Huyo si Harjit?"

"Ni yeye."

"Mbona hakusimama? Mmekosana?"

"Mama, niache."

Nikakaa kizingitini. Nilichoka ghafla, kama mtu aliyepakua mabehewa usiku kucha.

Acha niwaeleze. Siku sita za wiki, Cortina ile ilikuwa gari la familia. Ilimpeleka Mama Amrit, mamake Harjit, gurdwara, hekalu la Kalasinga. Ilibeba unga na vitunguu. Lakini siku ya mashindano... aa! Ilikuwa chui. Harjit aliiendesha, mimi nikamsomea njia.

Shida ni kwamba Harjit hakushika namba. Ukimwambia "mita mia mbili, kona kali", alishasahau. Siku moja akaniambia, "Masinde, wewe si unaimba mashairi yako? Niimbie barabara. Nikiimbiwa nashika."

Basi nikaiandika barabara yote kwa beti. Kutoka Lanet, Elementaita, kupanda Mau Narok, kushuka Njoro. Hakuna shule iliyonifundisha. Nilijifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, na nilijivuna, sikatai!

Harjit aliniuliza mara kwa mara, "Daftari iko sawa yote?"

"Daftari ya Masinde haikosi hata nukta!"

Nilidanganya.

Kulikuwa na ubeti mmoja, wa kona ya mti mkavu, mteremko wa Njoro. Usomeni:

*Vumbi likitanda mbele, usianze kutulia,*
*Gia ya tatu iteme, ya pili kuishikia,*
*Ukiuona mkavu, mti uliosinzia,*
*Daraja liko karibu, kata upande kulia.*

Mtamu, sivyo? Lakini daraja liko KUSHOTO. Kulia ni korongo. Ng'ombe akianguka humo, hata mwenyewe hashuki kumtafuta.

Niliandika "kulia" kwa sababu vina vilidai. Nikajiambia, si nitakuwepo? Kwenye mazoezi niliimba ubeti kama ulivyo, halafu hapo hapo nikampiga Harjit bega la kushoto. "Huku!" Akakata kushoto. Hakuuliza kitu. Nikaamini hakugundua, na tangu siku ile sikulifungua daftari tena.

Sasa bega lile lilikuwa na nani? Na Gopal, ambaye atasoma kilichoandikwa.

Mnajua nilifanya nini?

Nilikunywa chai.

Nawaambia ukweli. Nilikunywa chai nikijua. Nikasema moyoni, waende! Si wameona mimi ni takataka? Barabara itawafundisha. Nikamimina kikombe cha pili.

Mama akapita na beseni tupu.

"Jana nilikutana na Amrit sokoni. Anasema leo atapika chapati za kuwatosha nyote. Wewe na Harjit."

Kikombe kikaniponyoka.

Harjit angezunguka Mau Narok kwanza, basi nikakimbia mpaka barabara ya Njoro, njia ya mkato. Lori la maziwa la Mzee Kiprugut lilikuwa linapanda na mitungi mitupu.

"Mzee, nipeleke mti mkavu!"

"Kuna nini huko?"

"Kuna watu watakufa!"

"Panda. Lakini mitungi nitaacha, hiyo ni kazi."

Akasimama kila lango la shamba kuacha mtungi! Lango la kwanza... la tano... la tisa. Anashuka polepole, anasalimia mbwa, anapanda.

"Mzee, tafadhali!"

"Kijana, lori halina mabawa."

Lango la kumi niliruka nikakimbia. Maili mbili za kupanda, jua limewaka, vumbi kooni. Nikaufikia mti, nikaushika nisianguke.

Na hapo nikaisikia.

Vruuuum... pa! pa!

Nikaingia katikati ya barabara, mikono juu.

"Kushoto! Harjit, kushoto!"

Vumbi likapasuka. Ile pua nyeupe ikanijia nzima nzima! Breki zikalia, gari likapinda...

Kushoto.

Likazimika mlangoni mwa daraja. Gopal alikuwa bado anasoma daftari kwa sauti: "...kata upande ku... kushoto."

Kushoto?

Harjit akashuka. Kilemba chekundu kwa vumbi.

"Wewe wazimu? Ningekuua!"

"Daftari... nilikosea. Imeandikwa kulia."

Akalichukua daftari kwa Gopal, akalifungua mbele yangu. Neno "kulia" lilikuwa limekatwa kwa penseli. Juu yake, kwa mwandiko wake mbaya: KUSHOTO. Na tarehe. Miezi miwili iliyopita.

"Ulijua?"

"Siku ya mazoezi. Mdomo yako ilisema kulia, mkono ikanipiga kushoto. Nikarudi kesho yake peke yangu, nikaona korongo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza, Masinde! Mara ngapi? Daftari iko sawa? Nilikuwa nangoja useme wewe. Unasema haikosi nukta." Akapangusa uso. "Nilishindwa kukutazama asubuhi. Hiyo ni kosa yangu. Lakini nitaweka roho yangu kwa mtu kama huyo namna gani?"

Datsun ya washindani wa Nairobi ikatupita kwa kelele, ikavuka daraja.

"Harjit bhai, ndugu yangu!" Gopal akaita kutoka garini. "Dakika tatu zimeenda!"

"Ziende."

"Huyu hata kuimba hajui," nikasema. Kiburi, wenzangu, hakifi haraka.

"Hajui," Harjit akajibu. "Lakini nikimuuliza, 'Gopal, una hakika?' anasema, 'Sina.' Basi napunguza mwendo."

Nilikaa chini, palepale kwenye vumbi. Nilikuwa nimekimbia maili mbili kumwambia mtu jambo analolijua, na nimempokonya ushindi wake kwa kumwambia.

Nyinyi mnaonisoma, kosa halikuninyima kile kiti. Kosa lilifutwa kwa penseli ya senti kumi. Kilichoninyima ni miezi miwili ya kunyamaza.

Harjit alinirushia daftari mapajani. Akaingia garini, akawasha.

"Mama ameweka chapati yako," akasema bila kunitazama. "Kuja ule."

Gari likaanza kusogea. Nikajikokota nikainuka.

"Harjit!"

Akakanyaga breki.

"Nitaandika upya yote, hata vina vife. Na siku utakayoniuliza kama niko na hakika, na sina, nitakwambia sina. Mbele ya Gopal, mbele ya mama yako, mbele ya Nakuru nzima. Nakuapia!"