Ghala Lililojibu Umeme Ukiwa Umekatika

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, katika hospitali moja ya wazazi huko Annexe, pembezoni mwa mji, muuguzi Wivine aliandika kwenye tableti uzito wa mtoto mchanga: kilo mbili na gramu mia moja. Programu mpya ya dozi, iliyowekwa jana yake jioni, ikamwambia ampe mtoto miligramu themanini na nne za jentamisini. Wivine akanyoosha mkono kuchukua ampule, akaona moja haitatosha, maana ampule moja ina themanini tu. Mkono ukasimama hapo hapo. Katika miaka kumi na sita ya kazi hakuwahi kumfungulia mtoto mchanga ampule ya pili. Akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja, akapata nane nukta nne. Programu ilikuwa imezidisha mara kumi.

Mtoto hakuguswa. Lakini daktari mkuu alipopata habari, alimpigia simu Claudine, mwenye karakana ya programu kule Hewa Bora, na hakupandisha sauti hata kidogo, jambo lililomtia Claudine baridi zaidi. Alitaka jina la aliyeharibu programu ile kabla ya saa tisa alasiri. Asipolipata, angewapa polisi jina lililoko kwenye karatasi ya makabidhiano.

Jina lililoko kwenye karatasi lilikuwa la Chama, binti wa miaka ishirini na sita, aliyeiandika programu hiyo upya kwa miezi saba.

Claudine alifika karakana saa tatu kasorobo. Mama Lombe, muuza chai wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa amefungua tena baada ya kushinda msibani siku nzima ya jana, alimwona akishuka garini bila kumsalimia mtu. Ndani, Claudine alimkuta Chama amekaa mbele ya kompyuta yake, midomo imemkauka. Wengine waliokuwepo walikuwa wawili: Pierre, fundi mkongwe aliyeandika programu ya kwanza miaka tisa iliyopita, na Kapya, mtunza mashine.

Huyu Kapya ni wa kuelezwa kidogo, maana mimi binafsi ninamvulia kofia. Ni mama wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa familia ya reli, mnene, mpole, na mwenye tabia moja inayowachosha wenzake: hakubali kitu chochote bila kuuliza kimetoka wapi. Ukimpa ndizi atakuuliza umenunua kwa nani. Wenzake humcheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Chama," Claudine alisema, "wewe njo uliandika. Wewe njo ulituma. Miye nitamwambia docteur nini?"

"Patronne, sijue. Nilijaribu mara makumi. Ilikuwa inahesabia muzuri."

"Unipe muda kidogo, patronne," Kapya akaingilia. "Mbele ya kutoa jina ya muntu, tuangalie kwanza ile kintu."

Akavuta kiti, akasoma alichoandika Chama mstari kwa mstari. Ilimchukua saa moja na robo. Kisha akavua miwani.

"Hapa haiko kosa. Kosa iko mu kipande cha kuazima. Kipimo."

Kipimo kilikuwa kipande kidogo cha programu kinachogeuza uzito kuwa dozi. Kila fundi wa karakana alikitumia, na kwa miaka mingi hakijamwangusha mtu. Claudine, ambaye amesomea famasia na si kompyuta, alikunja uso.

"Kuazima namna gani?"

"Patronne, ukituma mutoto anunue bunga, unamuambia: anza pa dépôt ya kwanza. Kama balifunga, enda pa ya pili. Ile bunga anapata ya kwanza, anakuletea. Haulizi nani alisaga. Programme yetu ya kuunganisha vipande inafanya vile vile. Tuliiandikia liste ya madépôt. Ya kwanza ni miroir."

Miroir ilikuwa mashine kubwa ya pembeni, iliyohifadhi nakala ya vipande vyote vinavyopatikana duniani pamoja na vile vya karakana yenyewe, ili watu wafanye kazi hata intaneti ikiwa imelala. Ghala la pili waliliita secours. Hilo lilikuwa diski ndani ya kijisanduku chenye betri, na kila baada ya wiki mbili fundi wao Dédé aliibeba hadi Mokambo, mpakani, ambako mtandao wa upande wa Zambia hushika vizuri, akaijaza vipande vipya na kurudi nayo. La tatu lilikuwa dunia nzima kupitia intaneti, lakini kipimo hakikuwako huko.

Kapya alifungua kipimo kilichomo kwenye miroir. Kilikuwa sahihi. Akafungua kilichomo kwenye kompyuta ya Chama. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko kile cha kwanza, na ndani yake, mahali pa kuzidisha kwa nne, palizidishwa kwa arobaini.

"Basi ni yeye," Pierre alisema kwa upole kutoka mezani kwake. "Iko pa mashine yake. Pole, mutoto wangu."

Chama akaanza kulia. Kapya akampa kitambaa, akaendelea kusoma, maana programu ya kuunganisha huacha alama ndogo kando ya kila kipande: kimetoka ghala gani, na saa ngapi. Aliisoma alama ile kwa sauti.

"Secours. Jana, saa nane na dakika makumi mbili."

"Dédé!" Claudine akasema.

Dédé alifika saa tano, macho mekundu, kwa kuwa aliingia mjini usiku kwa basi. Kapya alimkalisha mbele yake.

"Dédé, jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Ku Mokambo, Mama Kapya. Unajua vile."

"Na disque?"

"Nilikuwa nayo. Ilikuwa inajazwa. Angalia." Akatoa simu. Ilikuwa picha aliyomtumia mchumba wake saa nane kasoro dakika tano, akila samaki kwenye kibanda, kijisanduku kimekaa kando ya sahani, na nyuma yake foleni ya malori. "Niliichomoa pa courant saa kumi. Bus iliondoka saa kumi na moja."

Kapya aliitazama picha ile muda mrefu. Kisha akaiomba diski, akaangalia kipimo kilichomo. Kilikuwa sahihi.

"Donc secours ilikuwa Mokambo," akasema polepole, "na secours ilimujibu Chama hapa Hewa Bora."

Nadhani hapo ndipo alipoumia. Alijua jambo hilo linawezekana vipi, kwa sababu desturi ile aliianzisha mwenyewe. Dédé anapokuwa safarini, fundi yeyote mwenye betri nzuri huipa kompyuta yake anwani ya secours na kuweka vipande humo, ili kazi isisimame umeme ukikatwa na miroir ikizimika. Anayefanya hivyo huandika jina lake ubaoni. Kapya akageuka kuutazama ubao. Mahali pa Jumatatu palikuwa peupe.

"Mlango niliuacha wazi miye mwenyewe," alisema.

Akamgeukia Chama. "Jana uliunganisha wakati courant haikuwa?"

"Ilienda saa saba na nusu, kama kila Jumatatu. Docteur alikuwa anataka programme mbele ya saa kumi. Nikafagia, nikaunganisha."

Kufagia ni sheria ya karakana: kabla ya kukabidhi kazi, fundi hufuta nakala zote za zamani kwenye kompyuta yake na kuvichukua vipande upya kutoka ghalani. Ni sheria nzuri. Ila kila mtu mle ndani aliijua, na kila mtu alijua kwamba Chama hawezi kuiruka.

"Ulijaribu kisha ya kufagia?"

"Hapana. Nilijaribu mbele." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona secours inajibu, sikuuliza."

"Kosa yako ni ile. Utaibeba. Lakini haiko kosa ya polisi."

"Mama Kapya," Claudine alisema, "na kama ni yeye mwenyewe alikaa pa secours? Batterie yake iko muzuri."

Swali lilikuwa la haki, na Kapya alilijibu kwa haki. Alikifungua tena kile kipimo kibovu, akatafuta saa kilipotengenezwa. Jumatatu, saa saba na dakika hamsini na mbili.

"Patronne, jana saa nane kasoro dakika nane, wewe ulikuwa wapi?"

"Mu bureau yangu. Nilikuwa nasoma karatasi ya makabidhiano na..." Claudine akageuka. Akamtazama Chama, na uso ukambadilika. "Na yeye. Nilimuita saa nane kasorobo. Alitoka saa nane na dakika kumi. Hakuwa na ordinateur, ile kompyuta yake."

Hivyo jina la kwanza, la Chama, likatoka kwenye orodha, na la pili, la Dédé, lilishatoka. Ilikuwa saa saba mchana. Kapya alivuka barabara kwenda kwa Mama Lombe, akanywa kikombe kimoja cha chai huku wakizungumza habari za msiba wa jana, kisha akapiga simu hospitalini kuzungumza na Wivine. Aliporudi alikwenda kusimama karibu na kisanduku cha umeme ukutani, akaomba wote waje na kompyuta zao, wazichomeke kwenye waya, wakague kipimo pamoja. Saa nane na nusu walikuwa wameketi mezani.

"Yaya Pierre," alianza, na alimwita hivyo, kaka mkubwa, kwa heshima ya kweli, kwa kuwa walifanya kazi pamoja miaka tisa, "jana courant ilipoenda, ulikuwa wapi?"

"Miye? Batterie yangu ilikufa tangu mwezi wa kwanza, bote banajua. Courant ikienda, miye naenda. Nilikuwa pa Mama Lombe, nakunywa chai."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka irudi. Saa tisa hivi."

Kapya akainua mkono, akashusha swichi kuu. Taa zikazimika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Miroir pembeni ikatoa mlio mfupi na kunyamaza. Ndani ya chumba kilichobaki na mwanga wa dirisha peke yake, kioo cha kompyuta ya Pierre kiliendelea kuwaka.

Wote wakaugeukia mwanga ule. Pierre mwenyewe aliitazama kompyuta yake kana kwamba si yake.

"Nilibadilisha batterie," akasema.

"Lini?"

"Leo asubui."

"Leo asubui ulikuwa hapa mbele yangu tangu saa mbili. Haukutoka hata kwenda ku choo. Na jana Mama Lombe hakufungua, yaya. Alikuwa ku kilio cha shemeji yake."

Dédé akajaribu kusimama, Kapya akamzuia kwa jicho. Akangoja. Alikuwa na subira ya ajabu mama huyu. Angengoja hadi jioni.

"Hii programme miye njo niliizaa," Pierre akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Miaka tisa. Banganga bote ba ile hospitali banajua jina yangu. Kisha iko mutoto anakuja, anasema ya Tata Pierre inazeeka, tuandike mupya. Na patronne anasema ndiyo. Hakuna muntu aliniuliza."

"Basi ukaweka sumu," Claudine alisema.

"Haiko sumu! Nilitaka baikatae siku ya kwanza, barudishe yangu. Nilichagua mara makumi ju ionekane. Hakuna infirmière atafungulia mutoto muchanga ampule mbili. Nilijua Wivine ataona. Namujua Wivine."

"Ulimuuliza kama leo njo zamu yake?"

Pierre akainua macho.

"Miye nimemuuliza," Kapya alisema. "Haikuwa zamu yake. Leo ilikuwa zamu ya stagiaire, mutoto wa kujifunza kazi. Siku yake ya tatu ya kazi, yaya. Asubui alikuwa na homa, Wivine akaja pa nafasi yake. Stagiaire anafanya ile tableti inasema."

Pierre akaisukuma kompyuta mbali naye. Kisha akaweka viganja viwili usoni na kulia kwa sauti, na Chama, ambaye alikuwa na kila sababu ya kumchukia, akageuza uso wake asimwone.

"Usiite polisi, Kapya," alisema kupitia vidole. "Sema ilikuwa panne, mashine iliharibika yenyewe. Sema courant ilikatika vibaya. Miaka tisa, Kapya."

Ninamheshimu Kapya kwa mengi, ila kwa jambo hili kuliko yote: alimpenda mtu yule, machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na hata hivyo hakumficha. Alirudisha umeme. Alifungua orodha ya maghala, akafuta secours mbele ya macho yao, akaiandikia programu ikatae kipande chochote kisichofanana na kile cha miroir. Chama akafagia tena, akaunganisha, na safari hii akajaribu baada ya kufagia, uzito baada ya uzito, mara ishirini. Zote zilikuwa sawa.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika sita. Kapya akachukua simu ya Claudine.

"Docteur, jina ilipatikana." Akalitaja jina la Pierre, la kwanza na la ukoo, polepole, huku Pierre mwenyewe akisikia. Akasikiliza upande wa pili. "Ndiyo. Programme ilitengenezwa. Aliyeitengeneza iko hapa."

Akampa Chama simu. Binti alikuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi. Akakiinua, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Docteur," alisema kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "ni miye, Chama."