Mstari wa Nne

Jumatano hiyo ilianza vizuri tu. Upepo ulikuwa umetulia, na Dolina alikuwa jikoni kwa kaka yake Iver, anakwangua sufuria ya uji huku akipanga siku yake. Ni mtoto wa hapahapa kisiwani. Alikwenda bara kusomea historia ya nyimbo za kwaya, akarudi na kinasa sauti kizito kama jiwe la kusagia, anase zaburi zetu kabla wazee hawajaisha. Ndivyo alivyosema, "kabla hamjaisha," mbele ya wazee wenyewe. Walicheka, lakini si sana.

Zaburi za huku hazina kinanda. Mwongozaji anatoa mstari peke yake, watu wanavuta pumzi, kisha wanaupokea, kila mmoja akiuzungusha kwa koo lake mpaka kanisa linajaa. Na kwenye mazoezi hatugusi maneno ya Mungu. Hayo ni ya ibada. Siku za kazi tunaimba tuni zilezile kwa beti za mzaha, za kondoo watoro na viatu vilivyopotea. Dolina alikuwa ameliandikia jambo hilo kurasa na kurasa, tena kwa sifa.

Tatizo lilikuwa mahali. Mazoezi hufanyika shuleni, lakini yeye alitaka mwangwi wa kanisa la kale, lile lililofungwa tangu tujenge jipya, ambalo makaburi yamelizunguka hadi mlangoni. Mjomba wake Torquil, mwongozaji wetu na mwenye kushika ufunguo, alisimama kizingitini akakataa kuingia.

"Maneno matakatifu hayaimbwi mazoezini," alisema. "Na mzaha hauimbwi kanisani. Sasa unataka nifungue mdomo nitoe nini, mwanangu?"

"Mjomba, humu hamna mtu."

"Humu?" Torquil aliyatazama makaburi. "Haya bwana. Wewe ndiye msomi."

Waimbaji wengine walikuwa wameshaketi, wanapuliza vidole kwa baridi. Iver tu ndiye hakuwapo. Alikuwa kibandani kwake anamalizia kitambaa kwenye mtambo wa kufumia. Dolina akawasha mashine, akamtungia Torquil ubeti palepale wa kumsuta kaka mtu. Mzee aliingia, akautoa mstari kwa mstari, uso umemkunjamana, na wenzake wakaupokea:

Iver, fundi wa kufuma,
tunakungoja wewe;
kiti chako ki tayari,

Wa nne haukufika. Mlango ulifunguka, Iver akaingia na nyuzi za sufu kichwani. "Yaani mnanitangaza mpaka kwa marehemu! Hamna hata aibu!" Watu wakaangua kicheko, mmoja akakohoa, mwingine akasema chai inamngoja, na mazoezi yakaishia hapo. Torquil peke yake ndiye hakucheka. Alifunga mlango kwa ufunguo, akautikisa mara mbili kuhakikisha.

Jioni, kaka akiwa ameenda kulisha mbwa, Dolina alisikiliza alichonasa. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa, ingawa ulikuwa mzito kidogo. Wa tatu alipousikia alirudisha mashine nyuma, akasikiliza tena. Waimbaji wake walikuwa wachache, wa kujaa benchi moja. Waliopokea mstari wa tatu walikuwa umati. Vikongwe walikuwamo. Watoto walikuwamo. Halafu kikaja kile kicheko, na chini ya kicheko sauti nyingine: pumzi ikivutwa ndani na watu wengi kwa pamoja, kama inavyovutwa kabla ya kupokea. Alingoja asikie ikishushwa. Haikushushwa.

Siku ya pili, mezani, Iver aliweka kijiko chini kabla hajaonja supu.

"Dada, mnaanza saa ngapi?"

"Tunaanza nini?"

"Si wameshakaa," alisema, na akawa anatazama ukutani, upande wa kanisa la kale.

Dolina alimwambia aache utani wake wa kijinga. Lakini usiku alihamishia kiti chake mbele ya mlango wa chumba cha kaka yake. Tangu mama yao afariki hakuwa na mwingine. Iver ndiye aliyekesha mtamboni, kitambaa baada ya kitambaa, ili dada mtu asome.

Ijumaa mchana mtambo ulinyamaza. Mtambo wa Iver unasikika barabara nzima, kiasi kwamba hatuusikii tena mpaka usimame. Dolina alikimbilia kibandani. Uzi ulikuwa umeachwa katikati. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Iver hakuwapo. Alikimbia kwa mjomba wake bila koti.

Alimkuta Torquil amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika ufunguo mkononi.

"Ubeti una mistari minne," alinong'ona. "Tumetoa mitatu."

"Basi nenda ukaumalizie, Mjomba! Twende!"

"Maneno ni yako. Watapokea kwa aliyeyatunga."

"Mwanamke hajawahi kuongoza zaburi hapa!"

"Ile si zaburi," alisema mzee, akamtia ufunguo mkononi. "Kimbia, mwanangu."

Kufuli la kanisa la kale lilikuwa limefungwa vilevile, kwa nje. Dolina alilifungua.

Iver alikuwa ndani.

Alikuwa ameketi katikati ya benchi la tatu, mgongo wima. Kifua kimejaa. Midomo imeachama kidogo. Ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Hakuwa anapumua. Alikuwa amevuta pumzi na wenzake, anangoja mstari.

"Iver!" Alimtikisa. Alimpiga kofi. Mwili ulikuwa mgumu kama gogo. Macho yalimtazama; yalimjua; yalimwomba. Na kote kanisani, kwenye mabenchi matupu, palikuwa na ule ukimya wa watu waliojazana, wanaomkazia macho aliyesimama mbele.

Dolina akasimama mbele.

Alifungua mdomo. Hakuna kitu. Miaka yote ya kusoma beti za watu, na kichwa kilikuwa kitupu. Wewe, wewe, neno gani linaoana kwa vina na wewe? Chozi lilikuwa linamtoka Iver jicho moja. Rangi ya bluu ilikuwa imefika kidevuni.

Akatoa la kwanza lililomjia, kwa sauti iliyopasuka:

Si cha Iver, kina mwenyewe.

Wakaupokea.

Mbao za sakafu zilitetema chini ya viatu vyake. Mstari ulipanda, ukazunguka, ukashuka polepole, koo juu ya koo, na ndani yake ilikuwamo sauti ya kaka yake. Ulipokwisha, Iver alianguka kifudifudi akikohoa. Dolina alimburuta kwapani mpaka kwenye majani ya nje, akamkumbatia akilia kama mtoto.

Jumapili Iver alikula sahani mbili za nyama ya kondoo na kumwambia dada yake kuwa sauti yake ya uongozaji inafaa kufukuzia kunguru. Hakukumbuka lolote jingine. Dolina alicheka mpaka akaona aibu. Ndipo Torquil alipomvuta pembeni, karibu na dirisha.

"Uliwapa maneno gani?"

Alimwambia.

"Mwenyewe nani?"

"Sijui, Mjomba. Nilitafuta neno la kufunga ubeti tu. Alikuwa anakufa!"

"Najua. Lakini wao hawajui kuwa ulikuwa unatafuta neno."

Kesho yake asubuhi walikwenda wote wawili kuhakikisha kufuli. Lilikuwa limefungwa. Dolina alitaka kurudi, lakini Torquil alishafungua.

Mahubiri ya huku ni marefu, na hakuna anayeketi kanisani bila peremende mfukoni. Ukianza kumung'unya yako, unamsogezea jirani moja. Kwenye benchi la tatu palikuwa na peremende iliyobaki nusu, ingali imelowa mate. Kando yake, pale alipokuwa ameketi Iver, vumbi lilikuwa limefutwa upya, nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Na kwenye nafasi hiyo ilikuwa imesogezwa nyingine, nzima, bado iko ndani ya karatasi yake.

Dolina alinyoosha mkono.

"Usiiguse," Torquil alinong'ona. "Si yako." Kisha akamtazama, na akaongeza kwa upole, "Labda."