Raylene na Boljointi Iliyogoma

Raylene Combs, msichana wa miaka kumi na miwili, aliianza siku yake kama kawaida. Aliwamwagia kuku mahindi, akamfungulia mbwa, akanawa uso kwa maji baridi, kisha akaketi mezani kula mikate midogo ya moto iliyomwagiwa mchuzi mzito wa soseji. Ilikuwa Ijumaa, lakini shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya maonyesho ya wilaya. Bibi yake, Bibi Hester, alikuwa jikoni tangu alfajiri akichemsha matofaa makavu ya kupaka kati ya tabaka za keki yake.

“Dewey,” Bibi alimwita mwanawe, baba yake Raylene, “mwaka huu sitaki kusikia habari za mawe.”

“Hutasikia, mama. Leo naliinua gari. Kesho tutapita juu ya mawe kama ndege.”

“Ndege! Mwaka jana pia ulisema utapita taratibu.”

Raylene alificha kicheko nyuma ya kikombe. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kijito kisicho na daraja, na kila mwenye gari alipita majini, juu ya mawe. Mwaka uliotangulia, pikapu ya baba ilikwama juu ya jiwe kubwa katikati ya maji. Keki ilichomoka mapajani mwa Bibi ikaenda kunata kwenye kioo cha mbele. Majaji wa shindano la keki kwenye maonyesho walipata habari zake tu. Keki yenyewe hawakuiona. Tangu siku hiyo, Bibi alipoitaja keki ile aliweka mkono kifuani, kama anayemtaja marehemu.

Ndiyo maana Dewey, fundi wa kiwanda cha mbao, alikuwa amenunua vyuma vya kuinulia pikapu upande wa mbele. Kufikia saa nne asubuhi gari lilikuwa juu ya stendi za chuma, bila magurudumu ya mbele. Raylene alishika taa na kupitisha spana. Binamu yake Colt, mwenye miaka kumi na mitatu, alikaa juu ya ndoo akitoa ushauri ambao hakuombwa. Alikuwa amevaa fulana mpya nyeupe, tayari kwa maonyesho ya kesho yake.

Upande wa kushoto ulikwenda vizuri. Baba alimwonyesha Raylene boljointi, kile kiungo kinachofunga mkono wa chuma wa juu kwenye chuma kinachobeba gurudumu.

“Bolti yake imebana kwenye tundu kama kizibo kwenye chupa,” alisema. “Nalegeza nati, lakini siitoi. Naiacha imeshika meno machache. Unajua kwa nini?”

“Ili isipotee?”

“Ili kiungo kikiachia ghafla, nati ikizuie. Bila hiyo, chuma chote hiki kinakuangukia.”

Kisha akagonga ubavu wa chuma kwa nyundo, mara kadhaa, pale bolti ilipopita. Pah! Kiungo kikaachia, nati ikakizuia, na Raylene akapiga makofi.

Upande wa kulia ulikuwa na mambo yake. Kutu ilikuwa imeshika mpaka ndani. Baba aligonga, akapuliza dawa ya kulegeza kutu, akagonga tena. Boljointi haikutikisika hata kidogo.

“Mjomba, tumia ule uma wa chuma,” Colt alishauri. “Unaupachika katikati, unapiga, kwisha.”

“Na mpira wa kuzuia vumbi unachanika, kwisha,” Baba alijibu. “Naenda mjini kuazima kile kibanio cha kusukumia bolti. Raylene, wewe puliza dawa kila baada ya muda kidogo, uache iingie. Nyundo usiiguse. Nati usiiguse. Tumeelewana?”

“Ndiyo, baba.”

Baba akachukua gari dogo la jirani, akaondoka. Raylene alipuliza dawa. Akasubiri. Akapuliza tena. Colt alimtazama, akapiga mwayo mrefu wa makusudi.

“Kazi kweli kweli,” alisema. “Unaimwagilia kama bustani. Unangoja ichanue maua?”

“Baba kasema nisubiri.”

“Sawa, subiri. Mimi ningekuwa nimeshaitoa, mjomba akirudi anakuta kazi imekwisha. Lakini wewe mwoga, basi.”

Neno hilo lilimwingia Raylene kama mwiba. Alijiona tayari baba anarudi, anashangaa, anamwita fundi mbele ya Bibi. Akachukua spana akaitoa nati yote, kwa sababu aliona ndiyo inayozuia, akaitia mfukoni. Kisha akachukua nyundo akaipiga ncha ya bolti kutoka chini kwenda juu. Hakuna kilichotoka. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Ncha ya bolti ikaanza kubonyea kama kichwa cha uyoga.

“Piga ubavuni, kama mjomba!” Colt alisema, akasogea karibu kuona vizuri.

Raylene akapiga ubavuni. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Akageuka kumwambia Colt asimzibe mwanga, huku mkono wake ukishuka kupiga mara ya tatu.

PAAAH!

Mkono wa juu uliruka. Chuma cha gurudumu kililala nje kwa kishindo, kikapita palepale kilipokuwa kichwa chake muda mfupi uliopita, kikagonga ukingo wa kofia aliyovaa na kuirusha kwenye beseni la oili chafu lililokuwa chini ya gari. Oili ikaruka juu, na yote iliyoruka ikatua juu ya Colt. Mbwa alikimbilia chini ya nyumba. Kuku walipanda juu ya paa la banda, wengine hawakuwa wamewahi kufika huko. Barazani, Bibi Hester alikumbatia bakuli la matofaa kwa mikono miwili.

“Nani kapiga bunduki?” alipaza sauti.

“Hakuna, Bibi!” Raylene alijibu kwa sauti nyembamba. “Ni... ni gari linajinyoosha!”

Aliutazama mpira unaopitisha maji ya breki, umevutwa ukawa kama kamba ya kuanikia nguo, lakini haukukatika. Colt alisimama na fulana nyeusi, macho mawili meupe yakimetameta katikati ya oili.

“Tuseme imetoka yenyewe,” Colt alinong'ona.

Baba aliporudi na kibanio mkononi, aliwakuta wamesimama wima kama askari wa gwaride.

“Imetoka yenyewe, baba,” Raylene alisema.

Dewey aliinama akatazama. Hakuwa na haraka.

“Yenyewe,” alisema. “Na nati ilijifungua, ikashuka, ikatembea ikaingia mfukoni mwako?”

Raylene alishika mfuko wake. Nati ilikuwa imetuna wazi kwenye kitambaa. Colt alitaka kucheka lakini oili ikamwingia mdomoni.

“Na wewe Colt, umechovywa na nani?”

Hapo Raylene akashindwa. “Ni mimi, baba. Nimeitoa nati. Nimeipiga bolti chini, nimeiharibu meno. Chuma kilianguka pale kichwa changu kilipokuwa. Kofia yangu iko humo kwenye beseni.”

Baba alilitazama lile beseni na kofia inayoelea, na uso wake ukabadilika. Alimvuta mwanawe akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama anayechagua tikitimaji sokoni. Alipohakikisha ni kizima, ndipo akapumua.

“Kofia tutanunua,” alisema polepole. Kisha akachunguza bolti. “Ncha tu ndiyo imebonyea. Huku juu meno ni mazima. Lakini nati haitapita mpaka ncha ichongwe. Kachukue tupa ndogo. Na nati ikikwama hata kidogo, gari hili halitoki hapa, na Bibi yako utamweleza wewe.”

Raylene alichonga. Alichonga wakati wengine wanakula maharage na mkate wa mahindi, sahani yake ikapoa kando. Vidole vilimwuma, vumbi la chuma likamjaa kwenye kucha. Kila alipojaribu nati, ilikataa, naye akarudi kuchonga. Colt, aliyekuwa ameoshwa kwa sabuni ya vyombo na kuvalishwa gauni la kulalia la Bibi, alimshikia taa bila kutoa ushauri wowote. Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya kilima, nati iliingia, ikazunguka laini kwa vidole, mpaka juu. Baba aliitoa, akaijaribu mwenyewe mara kadhaa, akatikisa kichwa kukubali. Wakafunga vyuma vipya, wakakaza kila kitu.

Asubuhi ya maonyesho pikapu ilisimama uani, mbele imeinuka. Bibi Hester akatoka na keki yake, akalifikia gari, akatazama mlango, akatazama miguu yake mifupi.

“Dewey,” alisema, “gari umeliinua. Mimi nani ataniinua?”

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kililetwa kigoda cha kuwekea miguu, Baba akavuta, Colt akasukuma, na Bibi akapanda huku akiwaonya wote wasimshike kama gunia. Kijitoni, maji yalipiga kelele chini yao, na jiwe kubwa likapita kimya bila kuwagusa. Raylene, aliyepokezwa keki Bibi alipokuwa akipanda, alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Haikuhama.

Walipofika ng'ambo, Baba alisimamisha gari.

“Raylene,” alisema, “kukosea kazi si ajabu, hata mimi nimeharibu bolti nyingi. Lakini niliposema nati usiiguse, nilikuwa nalinda kichwa chako, sikuwa nakunyima sifa. Na ungeshikilia kwamba imetoka yenyewe, tena kama nisingeona, tungepita kwenye kijito hiki na bolti mbovu, Bibi yako akiwa amekaa mbele. Uongo wako ungekuwa umefungwa kwenye gurudumu letu. Mwenye kazi husikiliza anapofundishwa, na akiharibu husema mapema, ili itengenezwe kabla haijamwumiza mtu.”

“Nimeelewa, baba.”

“Nami nimeelewa,” Colt alisema kutoka nyuma.

“Wewe nyamaza,” Bibi alimwambia. “La gauni langu bado sijakusamehe.”

Keki ya Bibi ilipata nafasi ya pili. Bibi alimweleza kila aliyepita kwamba jaji alikuwa na mafua, ladha hakuisikia. Wakati anaeleza, Baba alimwita Raylene kando ya pikapu, akamkabidhi spana.

“Gari likishatembea kidogo baada ya kufungwa, nati za magurudumu hukaguliwa,” alisema. “Kagua wewe. Mimi nakwenda kula.”

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Raylene akapiga goti, akaanza na nati ya kwanza.