Hakuna Aliyelalamika

"Kreti tisa za machungwa zimeoza. Mnunuzi azichukue kabla ya saa kumi na moja."

Mtangazaji wa redio ya mji wa Salto, Uruguay, alilisoma tangazo hilo katikati ya bei za mazao, kwa sauti ya mtu aliyeshiba na anayetaka kulala. Ilikuwa saa saba na robo mchana, mwezi Januari. Joto lilikuwa digrii arobaini na moja. Mji mzima ulikuwa umefunga madirisha na kujinyoosha vitandani.

Nereo Bonavita alizima redio.

Tisa ilikuwa namba yake. Kuoza kulikuwa na maana moja tu.

Msaliti.

Alichukua Nokia yake ya zamani, isiyo na kamera, akapiga.

"Nani ameoza?"

"Bi Ercilia," alijibu Shangazi. Kwa miaka kumi na tisa Nereo hakuwahi kulijua jina jingine la mkuu wake wa kazi. "Kahamia kwa Techera. Barua imetoka saa sita na dakika hamsini na moja, ina muhuri wake wa kidijitali. Kamkamate. Akileta ubishi, unajua la kufanya."

"Nisomee barua."

"We Nereo, mimi siyo karani wako."

"Nisomee."

Shangazi alisoma. Nereo alisikiliza huku akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha chai ya yerba. Maji yalimmwagikia mkono wa kushoto. Hakusikia kitu. Risasi aliyopigwa mjini Rivera ilipita hapo miaka sita iliyopita, ikaondoka na hisia zote, kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole.

Alijaribu kusikia kitu moyoni pia. Alijipapasa humo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Mtupu.

Mambo yalikuwa hivi. Ercilia Bentancor alikuwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka ishirini na miwili, bila mshahara, alikuwa ametunza sehemu moja ya kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta. Kiini ni ile programu ya chini kabisa, ambayo programu nyingine zote hupitia kwake zikitaka kuigusa mashine. Sehemu ya Bi Ercilia ndiyo iliyokiwezesha kiini kuelewana na prosesa, yaani ubongo wa mashine, iliyoitwa Mirlo. Kiwanda cha Mirlo kilikufa zamani. Zilizobaki zilikuwa ndani ya visanduku vya kijivu, kwenye mizani arobaini za forodha za kupimia malori kando ya mto Uruguay.

Malori ya Hebert Techera yalivuka mto huo yakiwa na bunduki. Mizani zilisema ni matupu.

Miezi minane iliyopita Idara ya ujasusi ilimtuma Nereo kwa bibi huyo. Bibi alipata jibu baada ya wiki tatu. Mirlo ilikuwa na kasoro iliyochongwa ndani ya silikoni yenyewe. Ukiipa amri fulani, mizani inaganda kwenye sifuri, hata ukipandisha tembo. Hakuna msimbo ambao ungeweza kuiziba.

"Basi tuwaambie forodha wazitupe," Nereo alisema siku ile.

Bi Ercilia alicheka hadi miwani ikamshuka. "Forodha? Mwanangu, forodha hawatupi kitu kinachowaka taa. Ila kanuni yao inasema, mashine ambayo kiini hakiitambui tena ing'olewe ndani ya siku tisini. Kwa hiyo tutaiua kutokea juu."

Akaandika mwenyewe kwenye orodha ya barua pepe ya watunzaji wa kiini: naomba Mirlo iondolewe.

Kule wana desturi yao. Kabla ya kuondoa prosesa ya zamani, huulizwa kama kuna anayeitumia bado. Wanasubiri. Mtu mmoja tu akijibu kwamba anayo, na kwamba inafanya kazi, inabaki. Kimya kikitimia, inafutwa. Kimya cha Mirlo kilikuwa kinatimia leo saa kumi na moja jioni, wakati Mjerumani aitwaye Detlef Harms, aliyesimamia kazi hiyo, atakapofunga mlango wa toleo jipya.

Na leo mlezi wa Mirlo mwenyewe alikuwa ameandika: *Nimebadili mawazo. Nimelijaribu toleo la wiki hii kwenye Mirlo yangu. Linafanya kazi vizuri kabisa. Msiondoe.*

"Umesikia?" alisema Shangazi. "Kanunuliwa, bibi wa watu."

"Toleo la lini?"

"La wiki hii. Umeziba masikio?"

"Anadanganya."

"Ndiyo ninachokuambia!"

"Anawadanganya wao, Shangazi. Sisi anatuita."

Nereo alikuwa ameshasimama. Alikumbuka wiki iliyopita, meza ya jikoni, kibuyu kikizunguka kati yao wawili, na sauti ya bibi. *Tangu Machi msimbo wa Mirlo haujengeki. Faili moja limevunjika, mashine haiwezi tena kuugeuza kuwa programu. Nimeliacha makusudi nione. Miezi kumi, dunia nzima, hakuna aliyelalamika. Hivyo ndivyo unavyojua kitu kimekufa. Kuharibika siyo kufa. Kufa ni kuharibika halafu hakuna anayelalamika.*

"Toleo la wiki hii haliwezi kuwaka kwenye Mirlo yoyote," alisema. "Yeye ndiye anayejua hilo kuliko mtu yeyote. Ametekwa. Barua ina kiambatisho?"

"Kuna mistari mia mbili ya takataka. Inasema ni kumbukumbu ya mashine ilivyowaka."

"Tafuta jina la mashine."

Feni ilisikika upande wa pili.

"Mizani-17," alisema Shangazi polepole.

Nereo aliijua. Ilikuwa kwenye ghala la machungwa lililofungwa mtoni, kilomita kumi na nne kaskazini. Ndiyo Mirlo pekee isiyolindwa na forodha.

"Harms akijibu 'sawa, tunaiacha', Techera hamhitaji tena bibi," alisema.

"Atamuua."

"Na Harms akiuliza imejengekaje, Techera atajua amechezewa."

"Atamuua vilevile. Sasa huyo Mjerumani anachelewaga kujibu?"

"Hachelewi."

Alikata simu.

Alichomeka bastola yake, Glock 19, mgongoni, chini ya shati. Akachukua chupa ya chai, Stanley ya kijani, akaibana kwapani. Nusu ya juu ilikuwa na maji ya moto. Nusu ya chini ilikuwa kazi ya mafundi wa Idara: ukizungusha kitako, simu zote ndani ya mita thelathini zinakosa mtandao. Mtu wa Uruguay mwenye chupa kwapani hatazamwi mara mbili.

Yamaha iliwaka kwa teke la kwanza.

Barabara ya mtoni ilikuwa tupu. Mbwa mmoja kivulini. Miti ya machungwa, safu baada ya safu. Nereo aliendesha kilomita mia moja na ishirini kwa saa, na hakuwaza kitu.

Aliiacha pikipiki nyuma ya mikaratusi, akatembea.

Mlinzi alikuwa kwenye kiti cha plastiki langoni, kofia usoni, bunduki aina ya Rossi mapajani. Alifumbua jicho moja.

"Oya, mzee. Umepotea? Huku kumefungwa."

"Natafuta maji ya moto."

"Maji ya moto! Na joto hili? Wewe umeungua akili."

"Chai ni chai, mwanangu."

"Ninyi wazee ninyi..." Mlinzi alicheka, akapiga miayo. "Nenda kwa mke wako akuchemshie, niache nilale."

"Lala."

Kitako cha Glock kilimpata nyuma ya sikio. Alilala. Nereo alimrudishia kofia usoni, akaitupa bunduki nyasini.

Nokia ilitikisika. Shangazi.

HARMS KAJIBU. ANAULIZA: UMEIJENGAJE? KWANGU HAIJENGEKI TANGU MACHI.

Nereo alizungusha kitako cha chupa.

Taa nyekundu. Mstari wa mtandao kwenye Nokia ukafutika.

Kama barua ilikuwa imeshaingia kwenye simu ya Techera, Bi Ercilia alikuwa maiti.

Kati yake na ofisi kulikuwa na jukwaa la mizani, mita kumi na nane za chuma, ukuta huku na ukuta huku. Hakukuwa na njia nyingine. Kitu chochote kinachozidi kilo ishirini kikikanyaga hapo, kengele hulia ofisini.

Nereo alikuwa na kilo themanini na mbili.

Alikanyaga.

Kimya.

Hatua ya pili. Ya tatu. Hakuna kengele. Juu ya mlango, kioo cha namba kiliandika sifuri, na kikabaki sifuri.

Bibi alikuwa ameigandisha. Alijua mtu atakuja, au alitaka tu kuwa tayari kama atakuja. Kasoro iliyopitisha bunduki kwa miaka mitano ilimpitisha Nereo hadi chini ya dirisha.

Sauti zilitoka ndani.

"Mjerumani wako mbona hajibu, bibi?"

"Anakula. Wajerumani wana ratiba, mwanangu. Siyo kama wewe, unayekula vya wenzio saa yoyote."

"Una mdomo wewe."

"Nina miaka sabini na moja. Kingine kimebaki nini?"

"Ukinifanyia ujanja, nitakutia mtoni na hiyo kompyuta yako shingoni."

"Utaipoteza bure. Ina diski mpya."

Kiti kilikwaruza sakafu.

"Mtandao umekata," alisema Techera. "Nchi gani hii! Kaa hapo. Ukinyanyuka, nasikia."

Alitoka akiwa ameinua simu juu, kama watu wote wanaotafuta mtandao, macho kwenye kioo. Alikuwa mnene, amevaa kandambili. Alipita hatua nne juu ya chuma.

"Techera."

Aligeuka. Alikuwa mwepesi kuliko mwili wake. Bastola ya Taurus ilitoka kiunoni kabla simu haijagonga chini.

Nereo alimmwagia maji.

Yote, lita nzima, usoni. Techera alipiga yowe. Nereo alinyoosha mkono wa kushoto, akaishika bastola kwa juu, akabana.

Mlio.

Risasi ilipita kando ya ubavu, ikatoboa bati. Moto wa mdomo wa bastola ulichoma kiganja, chuma kilikata vidole. Nereo hakuachia. Hakukuwa na sababu ya kuachia. Bastola ilibanwa kiasi kwamba haikuweza kumeza risasi ya pili. Techera alivuta kifyatulio mara mbili, mara tatu, akamtazama Nereo kwa jicho moja lililofumbuka, na hapo ndipo alipoogopa.

"Wewe huumwi?"

Nereo alimpiga kichwa. Kisha goti. Kisha pingu.

Kioo juu ya mlango kiliandika sifuri.

Ndani, Bi Ercilia alikuwa amekaa mbele ya kisanduku cha kijivu, mikono mapajani, mguu umefungwa mnyororo kwenye meza. Hakulia. Hakutabasamu.

"Umechukua muda," alisema.

"Shangazi alidhani umenunuliwa."

"Na wewe?"

"Niliuliza toleo la lini."

Bibi aliitikia kwa kichwa taratibu, mara moja. Nereo aliufungua mnyororo kwa funguo za Techera, akazima kitako cha chupa. Mtandao ulirudi. Simu ya Techera ililia huko nje juu ya chuma, mara moja, barua ikiingia. Wote wawili waliisikia.

Idara ilifika saa kumi kasoro dakika tano na magari mawili ya Hilux. Chini ya maturubai ya ghala walikuta masanduku mia moja na arobaini ya bunduki. Nereo aliongea na Shangazi akiwa amesimama.

"Mwambie namtaka radhi," alisema Shangazi.

"Mwambie mwenyewe."

"Nereo..."

Alimpa Bi Ercilia simu, akatoka nje. Aliporudi, bibi alikuwa anaandika. Saa kumi na dakika thelathini na nane, barua yake ilikwenda.

*Detlef, ile ya kwanza niliandika chini ya bastola. Uko sahihi, haijengeki. Naafiki kuondolewa. E.B.*

Walisubiri. Hakukuwa na chai.

Jibu lilikuja saa kumi na dakika hamsini.

*Imeondolewa. Mistari 11,640. U salama?*

Bi Ercilia alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Nilidhani nitasikia kitu."

"Labda baadaye."

"Labda." Alinyoosha kidole, akazima kisanduku cha kijivu. Taa yake ya kijani ilififia, ikaondoka. "Sasa niambie, huo mkono wako ni nini hicho?"

Nereo aliutazama. Kiganja kilikuwa kimevimba malengelenge, vidole viwili vimepasuka, damu imekauka hadi kwenye kiwiko.

"Uliharibika zamani."

"Nimekuuliza ni nini hicho."

"Siumwi, Bi Ercilia. Uliharibika miaka sita iliyopita. Hakuna aliyelalamika."

Bibi alivaa miwani yake. Alimtazama usoni kwa muda, kama anavyotazama mstari wa msimbo ambao mtu mwingine ameuandika vibaya.

"Mimi nalalamika," alisema.

Nereo aliuficha mkono mgongoni.

"Umenisikia? Mmoja anatosha. Nenda hospitali."

Alichukua chupa yake tupu, akaibana kwapani. Alipita juu ya mizani, mita kumi na nane za chuma, bila kugeuka. Nyuma yake kioo cha namba kilikuwa cheusi.

Yamaha iliwaka kwa teke la kwanza. Mji ulikuwa umeamka, watu wametoa viti vyao barazani. Kwenye njia panda, kushoto ilikuwa ofisi, kulia hospitali.

Alikata kulia.