Damu ya Lusubilo

Trei ya mayai thelathini ilimwagika katikati ya foleni ya malori pale mpakani Tunduma, na Ketrina hakulia. Alifura. Mwanaume aliyemgonga alikuwa akirudi kinyumenyume, simu sikioni, bahasha za forodha kwapani, shati jeupe limepigwa pasi ya kukata mtu. Sasa viatu vyake vilijaa ute.

"Dada, samahani! Keki yako nitailipa."

"Keki ya nani? Nilikuwa nakwenda kutengeneza dawa."

"Dawa ya mayai inatibu nini?"

"Wanaume wanaotembea kwa mgongo."

Mwanaume alicheka mpaka dereva wa Kizambia akatoa kichwa dirishani. Aliitwa Lusubilo, wakala wa forodha, mtoto wa Isongole, wilayani Ileje. Alinunua trei mbili, akazibeba mwenyewe mpaka kwenye maabara ndogo ya chuo alikofanyia kazi Ketrina, Mnyiha wa Mbozi aliyevaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa. Njiani akauliza juu ya hiyo dawa, naye Ketrina akamjibu.

"Natengeneza vifuko vya mafuta, liposomu, vidogo hata jicho halivioni. Dawa inakaa ndani, inasafiri kwenye damu mpaka kwenye ugonjwa. Shida ni damu yenyewe. Ina protini zinazonyofoa mafuta, kifuko kinavuja kabla hakijafika."

"Unafanyaje sasa?"

"Nachagua mafuta. Ya kiini cha yai yana mikia iliyopinda, hayabanani, yanavuja upesi. Ya soya nikiyatibu kwa hidrojeni mikia inanyooka, yanakaa yamebanana. Halafu natia kolesteroli, inaziba mianya."

"Kolesteroli si ndiyo inatuua?"

"Ikikuzidi, ndiyo. Kwangu mimi ni fundi."

Basi ndiyo yakaanza hayo. Kila asubuhi simu: "Mama mayai, umeamkaje?" "Nimeamka mzima, tazama nyuma unapotembea." Baada ya miezi mitatu Ketrina alihitaji damu za watu kumi na wawili kupima vifuko vyake. Alimsomea Lusubilo fomu ya ridhaa mstari kwa mstari. Lusubilo alikuwa akitazama midomo yake tu. Akasaini, akakunja mkono wa shati.

"Chukua, mpenzi. Moyo ulishachukua siku nyingi."

Laiti angesikiliza, angejua la kuwajibu watu! Maana mfanyabiashara mmoja aliiona pamba ya sindano kwenye mkono wake, na habari ikapanda mpaka Isongole: kuna mwanamke wa Mbozi pale Tunduma anawatoa wanaume damu, anaichanganya na mafuta. Mama yake Lusubilo, Tulinagwe, aliyekuwa ameshamtafuta mshenga wa kupeleka barua ya posa, akasimamisha kila kitu.

Lusubilo akapiga simu. Safari hii hakumwita mama mayai.

"Ketrina, ile damu yangu iko wapi?"

"Kwenye friji, kichupa namba kumi na moja. Kwa nini?"

"Mama anauliza."

"Mama anauliza, au wewe?"

Lusubilo akalikwepa swali.

"Anasema uache hiyo kazi ndipo atume mshenga. Si ungeacha kidogo tu, mpenzi, mpaka tuoane…"

Ketrina akakata simu. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira. Alimtaka yule mwanaume, alimtaka hasa. Lakini dada yake, Nesta, alipougua fangasi ya ubongo, dawa ilimponya ikamwachia figo mbovu, kwa sababu haikuwa ndani ya kifuko. Aiache kazi hiyo kwa umbea wa sokoni? Thubutu!

Jumamosi asubuhi alivaa gauni lilelile la chungwa, juu yake koti jeupe, akabeba sanduku la baridi mpaka Isongole. Alimkuta Lusubilo sebuleni, hajanyoa, na mama yake kajifunga khanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini nyumbani kwangu?"

"Damu ya mwanao. Uione mwenyewe, usisimuliwe."

Lusubilo akainuka. "Ketrina…"

"Wewe kaa. Utaitwa."

Akatoa vichupa viwili: kimoja vifuko vya yai, kingine vya soya na kolesteroli. Ndani ya vifuko alikuwa ametia rangi, ambayo ikibanwa humo hufifia, na ikivuja huwaka kijani. Katika kila kichupa akatia maji ya manjano ya damu ya Lusubilo.

"Vinataka joto la mwili, mama. Nisaidie."

 Mama Tulinagwe akavichukua, akavibana kwapani, kimoja kulia kimoja kushoto, akakaa wima kama anayepimwa homa. Saa nzima ikapita. Chai ikanywewa, yeye akinyweshwa na mwanawe, huku akimhoji mgeni: kwenu mnalima nini, kanisani unaimba sauti gani.

Pazia likafungwa. Ketrina akawasha tochi ya mwanga wa bluu. Kichupa cha yai kikawaka kijani chumba kizima. Kingine giza.

"Kilichowaka ndicho kizuri?"

"Hapana, mama. Hicho kimevuja. Kizuri ni hiki kilichonyamaza."

"Kimekaa kwenye damu ya mwanangu, kwapani kwangu, kikanyamaza?"

"Kimenyamaza. Na sikuja kuomba kuolewa. Nimekuja kusema siachi kazi. Anayenitaka anichukue na vichupa vyangu."

Lusubilo akasimama. "Mama, damu niliitoa mwenyewe, halafu nikamuuliza iko wapi kama mtu aliyeibiwa. Nimeona aibu. Nampenda huyu na kazi yake. Usipotuma mshenga, kesho naipeleka barua mwenyewe Mbozi, nichekwe."

"Mwanaume kujipelekea barua! Unataka nizikwe na aibu Ileje nzima?" Akamgeukia Ketrina. "Barua ikija?"

"Ije. Jibu nitatoa mimi." Lakini macho yake yalikuwa kwa Lusubilo, na yalikuwa yameshajibu.

Mama Tulinagwe akafungua pazia, akakunja mkono wa blauzi. "Basi nichukue na mimi damu. Wa sokoni wakitaka kusema, waanze na yangu."

"Damu tutatoa Jumatatu, maabara. Leo nakusomea fomu, mama. Mstari kwa mstari."

"Soma," alisema, akivuta kigoda. "Na wewe Lusubilo, leo sikiliza."