Rektifaya za Lami

"Maziwa yamechacha," sauti ya mkuu ilisema kwenye Nokia. Simu ikakatika.

Nyenje, mpelelezi wa polisi, alikuwa keshatia gari gia. Maana ya fumbo hilo ilikuwa moja: mali bandia imeshafungwa hospitalini.

Dada yake alikuwa wodini humo, na kichanga kinachopumua kwa mashine.

Fundi wa hospitali, mama mnene mwenye ovaroli, alimwonyesha rektifaya aliyoipasua kwa msumeno. Akaeleza upesi. Umeme wa ukutani huenda mbele ukarudi nyuma, hautulii. Betri ya mashine inataka ule wa upande mmoja. Ndiyo kazi ya rektifaya: diodi nne, kila moja mlango usiofunguka kinyume. Umeme ukija huku, mbili hupitisha. Ukigeuka, mbili nyingine hushika zamu. Unatoka umenyooka.

"Na humu?"

"Humu waya mtupu na lami, mwanangu. Umeme unapita kama ulivyoingia. Betri zinachemka."

Za kweli alikuwa kaziiba Tajiri, mwenye tenda ya matengenezo, azivushe mpaka akaziuze. Manesi walikuwa wanampumulisha mtoto kwa mkono, wakipokezana.

Nyenje aliinusa lami. Mtu mzima kakaa chini, kaijaza.

Ghala la Tajiri lilinuka mikojo ya panya. Tajiri alikuwa ndani ya Land Cruiser, boksi kalipakata. Akaiona bastola ya Nyenje, Glock. Akabonyeza rimoti ya geti la nyuma.

Geti likavuma. Likatetemeka.

Halikusogea.

Akabonyeza tena. Moshi ukatoka kwenye mota.

Nyenje akaelewa. Mota ile nayo ilitaka umeme wa upande mmoja, na kwa ubahili wake mtu huyu alikuwa kaifungia rektifaya zake mwenyewe za lami.

"Tuelewane, bwana mdogo," Tajiri alisema, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. "Sote tuna watoto."

"Wako anapumua mwenyewe. Lete boksi."

Akamfunga pingu kwenye usukani, akawapigia wenzake waje kumzoa. Hakutaka hata kumgusa bega.

Fundi alilipokea boksi mlangoni bila salamu, akakimbia nalo ndani.

Nyenje alibaki uani, bombani, akisugua vidole kwa sabuni ya unga. Redio ikakoroma kiunoni. Mkuu.

"Wodi wanasema mashine imeshika. Manesi wamepumzika. Dada yako anauliza mjomba yuko wapi."

"Ananawa," Nyenje alisema.

Akafungua maji zaidi.